Mkwe Aliyesema na Nguzo

Kila asubuhi, kabla jua halijakaza, huwa nafuta paneli. Nachukua ndoo na kitambaa, naanzia safu ya nyuma, naondoa vumbi la barabara, majani makavu ya migomba na mavi ya kunguru.

Nikifika safu ya katikati hupita Mzee Andongwisye na mkokoteni wake wa ng'ombe, akienda kubeba mpunga wa watu. Nikisikia tu magurudumu, naacha kitambaa, nachuchumaa nyuma ya paneli na kujifunika kitenge uso mzima. Naye hugeuzia shingo upande wa pili. Anapita. Nainuka. Naendelea kufuta.

Jumanne ile magurudumu hayakupita. Yalisimama.

Nikasikia ng'ombe wakipumua, karibu kabisa. Nikasubiri. Kitenge kilinibana pua, jasho likaanza kunitiririka shingoni.

"Wewe nguzo," sauti ya mzee ikasema.

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Tulikuwa mimi, yeye, ng'ombe wawili, na nguzo ya umeme iliyosimama mlangoni pa kontena.

"Nakwambia wewe, nguzo. Mwambie mwenye kontena lako aachane nalo. Asiingie leo. Asiingie tena. Sitasema mara mbili."

Kisha akageuza mkokoteni na kurudi alikotoka.

Kwa aliyenikosa wiki zilizopita, nitasema kwa kifupi. Naitwa Tusajigwe, binti wa kijiji cha Talatala, nimesomea umeme chuoni Mbeya. Mabatini ni mtaa uliojiotea nyuma ya mtaa wa Bondeni, kwenye mashamba ya zamani ya mpunga. Haujapimwa, hivyo nguzo za serikali ziliishia barabarani. Kampuni moja ikatuletea kituo cha umeme wa jua: paneli, kontena lenye betri, pampu ya maji, na mita yenye akili kwa kila nyumba, inayowashwa na kuzimwa kwa simu. Mimi ndiye niliyeachiwa kukilinda. Asajile, fundi aliyekifunga, akanichumbia, nami nikadhani maisha yamenyooka.

Halafu umeme ukaanza kukatika wenyewe kila jua likizama. Runinga ya mama mmoja ikaungua. Wiki iliyopita mliniacha nimezungukwa na watu wenye hasira mlangoni pa kontena, na katikati yao alikuwemo baba yake Asajile, Mzee Andongwisye, aliyetema mate chini na kuondoka bila neno.

Sasa neno alikuwa amelisema. Ila aliiambia nguzo.

Msicheke. Kwetu Wanyakyusa, binti akishachumbiwa, baba wa mchumba wake ni mtu wa kuogopwa. Humtazami, huli mbele yake, humtamki jina. Akiwa na la kukuambia, atamtuma mtu, au atalisemea pembeni ulisikie. Wasichana wengi wa mjini wameliacha jambo hili. Mimi sikuliacha. Mama alinifunza, na kwa mtu mwenye haya kama mimi, kuna raha fulani ya kuruhusiwa kujificha.

Zamani nisingethubutu hata kuliandika jina lake hapa. Jumanne ile ndiyo iliyonifungua kalamu.

"Wifi! Inuka bwana, utaota mizizi hapo chini."

Alikuwa Neema, mdogo wake Asajile. Kazi yake ni kufungua bomba la maji la pampu yetu, pale pale ubavuni mwa kontena, na kuchekesha akinamama wanaopanga ndoo. Mama yao alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo ujumbe wote wa mzee kwangu ulipitia kwa Neema.

"Amekwenda?" nikauliza.

"Kawarudisha ng'ombe nyumbani, kawafunga. Sasa yeye mwenyewe ameketi pale ng'ambo kwenye migomba, kama mtu anayengoja msiba."

"Neema, amesema na nguzo."

"Na nguzo?" Akashika mbavu. "Ikamjibu nini?"

"Si utani. Amesema niachane na kontena, nisiingie tena."

Kicheko kikakatika. Akaweka ndoo chini, akaanza kuchezea mkono wa bomba.

"Basi na mimi nina ujumbe, wifi. Tangu nimefika natafuta pa kuanzia."

"Sema."

"Baba amesema ng'ombe hawaendi Talatala Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku ambayo wazee walikuwa walete ng'ombe wa mahari nyumbani kwetu. Mama alikuwa ameshaazima masufuria ya kanisani. Mjomba alikuwa njiani kutoka Tukuyu.

"Amesema kwa nini?"

"Baba na kwa nini, wapi na wapi? Kasema tu, mwambieni binti wa watu arudi kwao kwanza."

Arudi kwao. Binti aliyechumbiwa akiambiwa hivyo, haulizi tena maana yake.

"Nimemkosea nini, Neema?"

"Hujakosea kitu. Mimi nadhani ni hii kazi yako. Wazee hawapendi mke anayeshinda na nyaya, watu wanamjia mlangoni kumfokea. Atalainika. Asajile atazungumza naye."

Nikachungulia upande wa migomba. Nikaona magoti yake tu na kofia aliyoiweka juu ya goti. Ningekuwa mtu mwingine, ningevuka njia nikamuuliza: baba, nimekosa nini? Lakini kumuuliza ndiko kungekuwa kosa lenyewe. Mke wa mwanao akikujia uso kwa uso, unayo sababu ya kumfukuza mbele ya ukoo mzima.

Kwa hiyo nikachukua kitambaa. Nikafuta paneli zilizobaki. Zote nikazifuta mara ya pili.

Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Nikafungua kontena.

Kuna meza, kiti, swichi kuu ukutani, na nyuma kabisa kabati la chuma lenye betri. Ufunguo wa kabati hukaa na Asajile, kwa amri ya kampuni. Mimi naona betri kwenye simu tu: picha ya kijani na maandishi yanayosema zimejaa. Asubuhi zimejaa. Jioni, taa zikiwa zinakufa moja baada ya nyingine, bado zimejaa.

Humo ndani kulikuwa na harufu. Ilianza siku kadhaa nyuma, Asajile akasema ni panya aliyefia chini ya sakafu. Jumanne ile harufu ilikuwa nzito zaidi, na kabati lilitoa joto kama jiko lililoachwa na makaa.

"Hodi humu! Injinia yupo?"

Mzee Bashiri, mwenye duka na majokofu ya samaki. Babu yake alitoka Kilwa na biashara ya chumvi, na Bashiri bado anazungumza kama mtu aliyeshuka jana. Ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya umeme, na wiki iliyopita ndiye aliyewatuliza watu wasivunje mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusifu. Umeme wako una akili, wallahi. Unajua nani kalala, nani kaamka, nani kachomeka pasi bila kusema. Ila samaki wangu, hawa mbasa, hawana akili hiyo. Wao wanachojua ni kuoza."

"Simu inaonyesha betri zimejaa, baba."

"Sasa mteja akija kununua samaki, nimwonyeshe simu?" Akaingiza kichwa, akakunja pua. "Na humu nako! Unaatamia mayai viza?"

Nikacheka kidogo. Kisha nikaacha.

Mayai viza.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyetunusisha betri ya tindikali iliyochajiwa kupita kiasi. Alisema, harufu hii mkisahau mengine yote, hii msiisahau. Mkiisikia ndani ya chumba kilichofungwa, mjue kuna na hewa nyingine isiyonusika, na hiyo ndiyo inayolipuka.

Lakini betri za kituo chetu hazina tindikali. Ni kavu, za kisasa. Ndizo zilizoandikwa kwenye kibao cha ufunguzi, ndizo nilizoziona kwa macho yangu siku kabati lilipofungwa.

"Baba Bashiri, tutoke nje kidogo."

"Kuna nini?"

"Sijui bado. Tutoke tu."

Nje alinivuta kando, mbali na foleni ya ndoo, akashusha sauti. Utani ulikuwa umemwisha usoni.

"Sikiliza, mwanangu. Jambo hili nilitaka nilimeze, lakini limenikwama. Mkweo yule alikuja dukani jana. Hakununua kitu. Aliniuliza swali moja: kontena la umeme likiwaka moto, aliye ndani anaweza kutoka?"



"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mlango ni mmoja, na unafungukia ndani. Akanishukuru, ndaga, akaondoka. Mimi simtuhumu mtu. Lakini mtu haulizi habari za moto hivi hivi, kama hana kiberiti mfukoni."

Tulitazama migomba kwa pamoja. Mzee Andongwisye alikuwa bado pale. Hakuwa anatafuna kitu, hakuwa anazungumza na mtu. Alikuwa anatazama mlango wa kontena.

"Niwaite mgambo?" Bashiri akauliza.

"Hapana, baba. Ni mkwe wangu."

"Moto haujui ukwe."

"Niache nimpigie Asajile kwanza. Nakuomba."

Akatikisa kichwa, akaenda kusimama karibu na Neema, jicho moja kwenye migomba.

Asajile alikuwa Kasumulu, mpakani. Tangu mwezi uliopita alikuwa na kazi nyingi Kasumulu, kazi ambazo sikuzielewa vizuri na sikuuliza. Alipokea haraka, kelele za malori nyuma yake.

"Mpenzi. Nilikuwa karibu kukupigia."

Sauti yake ilinipa nguvu, kama kawaida. Nikamweleza harufu. Nikamweleza joto la kabati.

"Nilikwambia ni panya, Tusa."

"Panya hanuki tindikali. Na betri zetu ni kavu, Asajile."

Malori yakapita.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Baba Bashiri kasikia harufu, lakini hajui."

"Vizuri. Usimwambie mtu."

"Kuna jingine." Nikaanza kulia, sikujua hata lini machozi yametoka. "Baba yako amezuia ng'ombe. Amesema nirudi kwetu. Na asubuhi amesimama hapa akasema nisiingie tena ndani ya kontena. Asajile, nafikiri anataka kulichoma."

"Baba kasema usiingie?"

"Ndiyo."

"Kasema na kitu gani kingine?"

Swali hilo aliliuliza polepole, kama mtu anayekanyaga kwenye utelezi.

"Hakuna kingine."

"Baba amezeeka, Tusa. Usimsikilize. Ng'ombe watakwenda, hata kama nitawaswaga mwenyewe. Wewe ni mke wangu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Sasa kuna kazi ndogo. Wakaguzi wa kampuni wanafika kesho, lazima wakute mambo yako sawa. Mvua imeacha?"

Nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yanafunguka upande wa ziwa. Huku kwetu, jua linalotoka baada ya mvua ya Mei ni kali kuliko la kiangazi. Paneli nilizozifuta mara mbili zilianza kung'aa.

"Imeacha. Jua linatoka."

"Subiri likaze. Kisha ingia ndani, zima swichi kuu."

"Kwenye simu haiwezekani?"

"Simu inazima nyumba za watu. Paneli zisipeleke umeme kwenye betri, lazima ile ya ukutani. Ingia, funga mlango nyuma yako watu wasikufuate, halafu zima."

"Nifunge mlango?"

"Funga."

"Chuoni tulifundishwa, ukisikia harufu ile unafungua milango kwanza, unaacha hewa itoke. Swichi inaweza kutoa cheche."

"Tusa. Fundi ni mimi au wewe?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali labda ningebisha. Alisema kwa upole, na mimi upole hunishinda siku zote. Mtu akinifokea najificha. Mtu akinibembeleza namfuata hadi mtoni.

"Ni wewe," nikasema.

"Usikate simu. Iweke mfukoni, nikusikie."

Nikaiweka kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Nikangoja. Jua likakaza hadi mabati ya Mabatini yakaanza kulia.

"Neema," niliita, "naingia kuzima umeme. Maji yatasimama kidogo."

"Ah, wifi! Bado ndoo hizi zote?"

"Dakika moja tu."

Akinamama wakaguna. Mmoja akasema umeme huu wa jua una deko kuliko mke wa pili, wenzake wakacheka. Neema akapaza sauti ili wote wasikie.

"Haya jamani, pisheni, injinia anaingia kuzima!"

Nikaingia.

Joto lilinipiga usoni. Harufu ilinikaa kooni. Kutoka ndani ya kabati ilisikika sauti ndogo, kama maharage yanayoanza kuchemka. Nikausukuma mlango nyuma yangu, ukarudi, ukabaki wazi kidogo. Unakwama siku za mvua. Nikauacha hivyo, nikaenda ukutani, nikashika swichi.

Nje Neema akapiga kelele.

"Baba! Baba, hapana!"

Kisha Bashiri: "Mzee! Simama hapo hapo! Unakwenda wapi?"

"Niacheni!"

"Una nini mfukoni? Mzee Andongwisye, usijiletee balaa!"

Nikasikia mtu anaanguka, ndoo zikiviringika. Nikajua ndiyo saa imefika. Anakuja kunichoma.

Nilipaswa kuzima na kukimbia. Vidole vilikuwa vimeshakaza kwenye swichi. Lakini mlango ukafunguka kwa kishindo, na sauti yake ikaingia humo ndani nzima nzima, na mwili wangu ukafanya kile ulichofundishwa. Mkono uliachia swichi. Nikajivuta kitenge usoni. Nikachuchumaa.

"Tusajigwe."

Alitaja jina langu. Baba mkwe hataji jina lako. Nilibana macho ndani ya kitenge, nikangoja moto.

"Usiguse hiyo. Toka."

Sikuweza kusogea. Nadhani nilitikisa kichwa tu, mara nyingi.

"Mwanangu, inuka!"

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia nyumbani mama huziba masikio. Alinishika mkono. Mzee Andongwisye alinishika mkono, akaninyanyua kutoka sakafuni, akanitoa nje mbele ya mtaa mzima, akanivusha hadi ng'ambo ya njia. Alipofika kwenye migomba ndipo akaniachia, na kwa mkono wake mwenyewe akafunua kitenge usoni pangu.

Tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza. Ana macho ya Asajile, ila ya mtu aliyechoka.

Mikono yake ilikuwa mitupu. Hakuwa na kiberiti. Shati lilikuwa limechanika begani pale Bashiri alipojaribu kumzuia.

"Neema, funga bomba," alisema bila kugeuka. "Watoe watu wote hapo. Wote, mpaka barabarani. Bashiri, msaidie. Na mtu asiguse kitu."

Bashiri alinitazama, akaenda. Akinamama walishaanza kukimbia na ndoo tupu.

"Sasa nisikilize," mzee akaniambia, "maana nikishanyamaza sijui kama nitaweza tena. Betri zilizomo humo si zile mlizozindua. Zile Asajile alizitoa usiku, akazivusha Kasumulu, akauza. Akaweka mizoga ya betri za malori. Nani alizibeba? Mimi. Kwa mkokoteni wangu. Aliniambia zinakwenda kutengenezwa, nami nikamwamini, nikaweka majani ya migomba juu ili zisilowe."

Alitupa jicho kwenye kontena, akaendelea.

"Nilipojua, nikasema nitamweka chini, ni mwanangu, atarudisha. Nikangoja. Wiki ile watu walipokuja kukufokea nikatema mate, kwa aibu yangu, wala si kwa ajili yako. Halafu Jumapili baada ya ibada akanijia. Akasema, baba, wiki hii usipitishe ng'ombe karibu na kontena. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, linaweza kulipuka kabla wakaguzi hawajafika, utapoteza ng'ombe."

Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nikangoja aseme na jingine. Nikamtazama mdomoni. Aliniambia niwaondoe ng'ombe. Wewe hakukutaja."

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka Neema amesimama katikati ya njia, mikono kichwani.

"Sikuweza kukujia," mzee akasema. "Nikasema na nguzo. Nikamtuma Neema akwambie urudi kwenu. Nikazuia ng'ombe, nikidhani utakasirika uondoke. Kila nilichokifanya, wewe ukazidi kuingia humo ndani. Leo nimekutaja jina na kukushika mkono. Kwa desturi yetu umeshatoka kwenye ukwe wangu, na mimi ndiye niliyekutoa. Lakini unapumua."

Ndipo kutoka mfukoni mwangu sauti ikasema:

"Tusa? Mbona kimya? Umezima?"

Tulikuwa tumeisahau simu.

Niliitoa. Mzee akaipokea, akaishika mbali kidogo na uso kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Bashiri alikuwa amerudi, na Neema amesogea. Sote tulisikia.

"Tusa?"

"Ni baba yako," mzee akasema.

Malori ya Kasumulu yalinguruma.

"Nimemtoa ndani, Asajile. Nimemwambia yote."

Kule kwenye kontena kitu kilipasuka, si kwa sauti kubwa, kama kifuniko cha sufuria kinachoruka. Moshi mwembamba ukaanza kutoka juu ya mlango. Paneli zote zilikuwa zinawaka jua, na hakukuwa na mtu wa kuzizima.

"Baba," Asajile akasema hatimaye, "hukupaswa."

"Kesho wakaguzi wangefungua kabati, ndicho ulichoogopa. Ulitaka paungue kabla. Hilo nimelielewa. Mimi si mtoto. Nieleze hili moja tu." Mzee Andongwisye alinitazama, hakugeuza shingo. "Kwa nini umtume yeye? Una ufunguo, una miguu. Kwa nini mkono uwe wa huyu?"

"Baba, zima simu."

"Sema. Yuko hapa anakusikia. Sema ulichokusudia."

Nilijua sauti zote za Asajile: ya kubembeleza, ya mzaha, ile anayotumia akiwa ameshiba. Iliyotoka sasa sikuwahi kuisikia. Haikuwa na hasira wala haya.

"Ikiwaka mkononi mwake ni ajali, baba. Ikiwaka mkononi mwangu ni kesi."